Neno la Kusema Mlangoni

Wenzangu wa darsa, tangu nirudi hamjaniacha nipumue. Huyu ananivuta pindo la kanga, yule ananifuata hadi jikoni: ulikwenda wapi, kwa nini ulikiacha kisa cha Bani Israili katikati, na yule mama mwenye kitambaa jichoni anayekaa kwako ukumbini ni nani? Nimeona niwaandikie mara moja. Kusimulia kwa mdomo nashindwa. Nikifika mahali fulani sauti hunikatika, nanyi mkadhani nimemaliza.

Mtakumbuka tulipokomea. Wale waliokataa kuingia mjini kwa woga walikuwa wameshakufa jangwani, na watoto wao sasa wamesimama mbele ya mlango wa nchi waliyoahidiwa. Waliamrishwa mambo mepesi. Waingie wameinama, na waseme neno la kuomba wafutiwe makosa yao. Wao wakalifanyia mchezo lile neno, wakaligeuza likawa habari ya punje za nafaka, na badala ya kuinama wakaingia wakijiburura kwa makalio. Siku ile mlicheka mpaka Bi Rukia akamwaga kahawa.

Siku chache baadaye alikuja mtu kutoka Kiunga, kule mpakani, akasimama uani, akakataa hata maji. Akasema: "Nimetumwa nikwambie, wageni wamemchukua Bi Mwanamize." Kisha akaenda zake.

Bi Mwanamize ni mama yangu. Vita vilipoingia Kismayo tulitoka nyumbani asubuhi kweupe, chai ingali mezani. Mume wangu alitaka twende moja kwa moja mpaka Mombasa. Mama alikubali kufika Chovae tu, kisiwa alichozaliwa, kwenye nyumba ya mawe aliyopewa na babake. "Kitovu changu kiko hapa," alisema, akashuka chomboni, akainua mkono bila kugeuka. Sisi tukaendelea. Baadaye tukasikia watu wenye bunduki wamefika hadi visiwani, wamewatoa watu majumbani na kuingia wao. Hao ndio tunaowaita wageni. Sasa walikuwa wamemchukua mama.

Mume wangu alikuwa Lamu kikazi. Sikumngoja.

Kiunga

Habari za basi na za mashua ya kufikia Kiunga nazikata. Wengi wenu mmeshatapika njia ile. Nianze pale nilipokwama.

Niliambiwa chombo cha kwenda visiwani kitaondoka kesho. Nilikwenda pwani nikamkuta nahodha, jina lake Shee, amechuchumaa mbele ya mashine ya boti yake iliyofunguliwa vipande vipande juu ya gunia. Alikuwa akivitazama vile vyuma kama mtu aliyemaliza kula samaki na sasa anajaribu kumpanga upya kutoka kwenye miiba.

"Kesho, inshallah," akasema.

Kesho yake alisema hivyo hivyo. Siku za Kiunga zikawa hazina majina. Mchanga mweupe ulimulika mpaka kwenye vyumba, nami nikilala mchana nikiota naamka, nikiamka nahisi bado nimelala. Mwenyeji wangu, mjane mmoja wa Kibajuni, alinilisha mkate wa mofa wa moto na mchuzi wa papa uliokolea ndimu, akanikaza nile. Yeye aliwaeleza majirani jambo lililonileta. Alasiri moja wakaja wanawake ukumbi mzima, wameshika tasbihi, macho mekundu.

"Pole, mwanangu," mkubwa wao akaniambia. "Mungu ampe kauli thabiti."

"Nani?"

"Mamako. Si amechukuliwa?"

"Hajafa!" nikapiga kelele. "Kachukuliwa na wageni!"

Wakatazamana. Mmoja akauliza kama hitima isomwe au isisomwe, maana uji wa taazia ulikuwa umeshapikwa. Tukaunywa vivyo hivyo. Nilicheka na kulia mle ndani ya bakuli, na wale wanawake wakanipigapiga mgongo bila kujua wananiliwaza kwa lipi.

Mwishowe mashine ikakubali. Shee alipakia unga, sukari na gunia la vitunguu ambalo nililinunua mimi, kwa sababu mama hali mchuzi usio na kitunguu, na kwa sababu sikutaka kufika mikono mitupu hata kama ningefika mahali asipokuwepo.

Kuelekea Kudha

Tulisafiri tukiukumbatia mwambao. Asubuhi ile bahari ilikuwa nyeupe kama tui, na ukungu umeshuka hata nchi haikuonekana ila weusi wa mikoko ukija na kupotea. Mashine ikilia kidogo, ikizima. Ikizima, unasikia maji tu yanavyolamba mbao.

Nilisinzia juu ya gunia. Nikaota umati wa watu umesimama ndani ya bahari, maji magotini, mbele ya mlango usio na nyumba. Kila anayefika anasema neno, anapita. Nikaja mimi. Neno nalijua, nimewafundisha watu, nimelisema miaka, lakini ulimi umekauka. Nyuma yangu watu wanasukumana. Nikaamshwa na Shee akinipa kikombe cha chai.

"Ulikuwa unasema mambo ya punje," akaniambia. "Njaa hiyo, dada."

Nikamuuliza yeye huwapitaje wale wenye bunduki. Akasema nao wanakula. Mtu anayeleta unga hupita popote, mradi asichukue abiria wa kutoka. Kuleta watu ruhusa. Kutoa watu mpaka wakubwa wao waseme.

"Kwa nini wawazuie?"

"Nani atawazamia kamba wa kuuza? Wao baharini hata kuoga wanaogopa."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimewaza kufika tu.

Kudha

Kisiwa cha Kudha ninachokijua mimi kilikuwa na kelele za watoto. Safari hii niliposhuka nilisikia kuku mmoja. Nyumba nyingi hazina milango; milango imekuwa kuni. Pwani walikaa vijana na bunduki zao mapajani, nyuso zimevimba kwa usingizi na mirungi.

Mmoja akaniuliza kwa Kisomali: "Wewe wa nani?"

Mnajua Kisomali nakisema kama nyumbani; nimekulia Kismayo. Lakini nilikuwa nimesahau lile swali siku hizi linauliza nini. Lilikuwa linauliza ukoo, babu wa babu, watakaonilipia kisasi nikiuawa. Mimi nikajibu kama mtoto aliyepotea sokoni:

"Wa Mwanamize."

Wakacheka hata wakaegemeana. "Wa Mwanamize! Jamani, ukoo mkubwa huo!" Kisha mmoja akaacha kucheka. "Ngoja. Yule kikongwe wa Chovae? Yule yuko kwa mke wa Farah."

Nikauliza Farah ni nani. Hakunijibu, alinionyesha kwa kidevu bunduki yake, kama kwamba hilo ndilo jibu. Wakachukua nusu ya sukari ya Shee, wakaturuhusu.

Tulishinda pale kungojea maji, kwa Bwana Athman, mzee mzamiaji ambaye kifua chake kilipiga mluzi kila alipovuta pumzi. Mkewe alitupa uji wa mtama na kipande cha ng'onda, samaki mkavu, akaomba radhi kwa udogo wake. Kamba wakubwa kama mkono wangu walikuwa ndani ya tenga mlangoni, wanatingisha masharubu.

"Hao si wetu," Bwana Athman alisema alipoona natazama. "Hapa mchu hali kichu chake," yaani mtu hali kitu chake. " Twazamia, wanauza wao."

Akaniuliza nafanya kazi gani Mombasa. Nikamwambia nasomesha wanawake, tuko kwenye Bani Israili. Akausogeza uji wake kando.

"Wazee wengine hapa wasema sisi tumefanya kama wale watu wa pwani walioharamishiwa kuvua Jumamosi, wakatega nyavu kwa hila. Wasema tulikuwa tukitega Ijumaa. Ndiyo tukaletewa hawa."

"Wale waligeuzwa manyani, bwana."

"Na sisi tumegeuzwa nini?" Akakohoa muda mrefu. "Wewe mwenye elimu, niambie. Nilitega Ijumaa mara moja, mtoto alikuwa mgonjwa. Ni mimi niliyewaleta?"

Wenzangu, nimesoma kwa masharifu, nimekaa mbele yenu nikijibu masuala ya hedhi na mirathi bila kupepesa jicho. Nilimwambia hapana, si wewe. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu aliyepewa dawa aliyokwisha kuijaribu.

Chovae, mlangoni

Maji yalikuwa yametoka tulipofika Chovae, kwa hiyo niliteremka mbali, nikatembea juu ya majani ya bahari, gunia la vitunguu kichwani. Jua lilikuwa kali na kila kitu kinatetemeka. Nilikuwa nimejiandaa kukuta moto, damu, ukimya. Nilikuta nguo za mtoto zimeanikwa juu ya ukuta wa mama.

Mbele ya nyumba, juu ya mchanga, palitandikwa mswala wa ukindu. Mwanamke mrefu, mweusi wa jua, mjamzito, alikuwa anaswali Adhuhuri pale nje, juani kabisa, hali baraza yenye kivuli ilikuwa hatua chache tu nyuma yake. Alipotoa salamu aliniona. Akanitazama uso, akatazama gunia, akanitazama uso tena.

"Wewe ni Tima," akasema kwa Kiswahili kibovu. "Pua yake. Karibu, abaayo. Ingia."

Abaayo ni dada. Mtu nisiyemjua ananikaribisha nyumbani kwa mama yangu na kuniita dada. Damu ilinipanda.

"Mama yangu yuko wapi? Mmemfanya nini?"

"Amelala. Usipige kelele, ataamka na kichwa kitamuuma."

Nikampita. Mlango wa mama ni mfupi, ulijengwa zamani kwa namna ile. Anayeingia sharti apinde mgongo. Niliingia nimeinama na hasira yangu yote.

Mama alikuwa kitandani, upande wa dirisha, nywele zake zimesukwa na kupakwa mafuta ya simsim, kanga safi. Macho yake yalikuwa na utando mweupe. Akageuza kichwa kuelekea nyayo zangu.

"Hawo?"

"Ni mimi, mama. Tima."

Alinipapasa uso kwa vidole, taratibu, kama mtu anayehesabu tasbihi. Hakulia. Mimi nililia kwa niaba ya wote. Nilipoweza kusema nikamwambia: "Nimeletewa habari. Wageni wamekuchukua."

"Ehe. Wananichukua, Mungu awalipe. Si ndivyo nilivyomwambia yule mtu akwambie, usiwe na wasiwasi? Huyu Hawo ndiye anichukuaye. Ananipikia, ananiogesha, ananifulia. Ulielewaje wewe?"

Nilikaa sakafuni. Kwa Kiswahili cha kwetu, kumchukua mzazi ni kumtunza, na neno ni lile lile la kumbeba na kwenda naye. Nilikuwa nimevuka mpaka na kupita mbele ya bunduki kwa ajili ya habari njema.

Kwa nje nikasikia Hawo anafungua gunia. Kisha akaguta kwa lugha yao, mara akaanza kuvuta kamasi. Nilitoka mbio. Alikuwa ameshika kitunguu mikono miwili, anakinusa.

"Usimjali," mama akasema kutoka ndani. "Huyo ndiye Bani Israili wangu. Nampa samaki kila siku kama manna na salwa, yeye analilia vitunguu kama wale."

Chovae, ndani

Siku zilizofuata zilipita kama zile za Kiunga, polepole, nusu zikiwa za kweli. Hawo alikaanga anjera, mkate wao mwembamba, juu ya bamba jeusi na kunipa pamoja na chai yenye hiliki nyingi. Alikuwa mtu wa bara, wa ngamia. Alisimulia kwamba samaki wa kwanza aliyepewa na mama alimzika mchangani, akidhani anatiliwa sumu; mama akamsikia akichimba, akamwambia amfukue. Kijiji chao wenyewe kilikuwa kimechomwa na kundi jingine la bunduki. Alikuwa ametembea na watoto wawili na akafika na mmoja. Mumewe, Farah, alijiunga na waliokuwa wakielekea pwani, wakaambiwa: visiwa vile ni vyenu sasa, kila mtu achague nyumba.

"Nawe ukachagua hii," nikasema. Sikuwa nimemsamehe.

"Hakuchagua," mama akasema. "Sikiliza. Walipokuja, wenzangu wote walitoka. Mimi nikakaa kizingitini. Farah akaniambia toka. Nikamwambia, mwanangu, mimi sikuzuii wala sitoki, ukitaka, niruke. Wakaniruka. Wanaume wazima, na viatu vyao. Mmoja aliuangusha mtandio wangu. Nikawa nasikia vyombo vyangu vinavyovunjika huko ndani, nami nakumbuka wale walioambiwa waingie wameinama, wakafanya mchezo. Nikasema, haya, ndio hawa. Kisha akaja huyu. Nilisikia nyayo za mwanamke aliyechoka. Hakuruka. Aliketi mbele yangu, akanirudishia mtandio kichwani, akasema: hooyo, nisamehe, sina pa kwenda."

Hooyo ni mama. Hawo alikuwa anamenya kitunguu na hakuinua uso.

"Basi mimi ningefanya nini, Tima? Neno lenyewe ndilo hilo. Nilimpisha."

Ndipo nilipouliza jambo lililokuwa likinisumbua, kwa nini Hawo anaswali juani. Hata siku ya mvua nilimwona ametandika mswala nje, maji yanamtiririka usoni.

"Nyumba si yangu," Hawo akajibu. "Imepokonywa. Shekhe wetu kule kwetu alitufundisha, ukiswali ndani ya kitu cha kupokonya, swala inakwama kwenye dari. Farah ananicheka. Anasema Mungu ndiye aliyetupa. Mimi namwambia, kama ni Mungu, mbona mliingia na bunduki mbele?"

"Nimemwambia mara nyingi, swali ndani, nimekuruhusu," mama akasema. "Hataki."

"Ruhusa ya mtu aliyerukwa," Hawo akasema, "si ruhusa."

Nilikuwa nimekuja na hoja zangu zimepangwa, wao ni madhalimu na sisi ni wenye haki, na hoja zilikuwa bado ni za kweli. Lakini huyu mwanamke mwenye harufu ya vitunguu hakuzipinga hata moja.

Habari mbaya ilikuja na mtu wa kisiwa cha Koyama: Farah anarudi kutoka Kismayo, na anakuja na familia ya ndugu yake. Alikuwa ameagiza chumba cha kikongwe kiwe tayari. Hawo alinieleza akiwa amenipa mgongo.

"Mchukue aende, abaayo. Mchukue kwa namna yenu ile ya pili. Macho yake yanatibika, nimesikia Mombasa wanayasafisha. Mimi nitasema sikujua."

"Atakupiga."

"Ameshawahi. Naye alilia kuliko mimi."

Maji yakitoka

Shee alirudi kutoka kisiwa cha Fuma alikopeleka unga, akasema atatuchukua ikiwa tutaondoka saa ile ile maji yangalipo. Mama alivaa buibui lake. Nilifunga vitu vyake: kanga, kisahani cha udi, basi. Mlangoni akasimama, akanishika mkono.

"Niitie Shee, na mtu mwingine mwanamume. Nyumba hii nampa Hawo."

Nilidhani amechanganyikiwa. "Mama, nyumba hii ndiyo yote tuliyo nayo."

"Ni yangu. Babangu alinipa."

"Nami ni mwanao. Ukitoa hii, nitarudi wapi vita vikiisha? Vitaisha, mama! Nitasimama wapi niseme hapa ni kwetu?"

"Utasimama pale pale. Utabisha hodi, naye atakufungulia."

"Sitaki kubisha hodi kwetu!"

Nilipiga kelele, nakiri. Watoto wa jirani walikuja kutazama. Mama alingoja nimalize, kisha akasema kwa upole ambao uliniumiza zaidi: "Mimi naondoka, Tima. Nikiiacha hivi, inabaki nyumba ya kuporwa, na huyu ataswali kwenye mvua mpaka afe. Nikimpa, mtu mmoja katika kisiwa hiki atakuwa anakaa kwa haki. Unataka nimnyime hilo ili wewe uwe na kitu cha kuota?"

Nikauweka mfuko chini. 

Wakati huo Farah akafika. Alitokea upande wa msikiti, mwanamume mwembamba mwenye ndevu zilizotiwa hina, bunduki begani, mtoto wake amemrukia mguuni. Ndugu yake na jamaa walikuwa bado pwani wakishusha mizigo. Akatutazama wote: mimi, mfuko, Shee, mkewe aliyekaza kitambaa kichwani.

"Mwaenda wapi?"

"Afadhali umekuja," mama akamwambia, akielekeza uso mahali sauti ilipotoka. "Nilikuwa natafuta shahidi wa pili. Nampa mkeo nyumba hii. Yeye, si wewe. Shee anashuhudia. Nawe shuhudia."

Farah akacheka. "Bibi, nyumba ninayo. Unanipa kitu kilicho mfukoni mwangu?"

"Basi sema si yangu, tumalize. Sema mbele ya mkeo kwamba haikuwa yangu."

Pale ndipo nilipoelewa mama amemfanya nini. Hakuna anayeweza kushuhudia zawadi bila ya kukiri kwamba mtoaji ndiye mwenye mali. Farah naye alielewa. Kicheko kiliondoka usoni mwake kidogo kidogo. Alimtazama Hawo, na Hawo, ambaye tangu afike alikuwa ametazama chini, sasa alimtazama.

Akageuka, akaenda zake upande wa pwani. Shee akaninong'oneza: "Maji yanatoka, dada. Tukikwama hapa, tumekwisha." Nilimvuta mama mkono. Hakusogea. Alikaa kizingitini, mikono magotini, kama mtu anayengoja chai. Kivuli kilisogea. Niliona boti ya Shee inaanza kulala ubavu, na watu wa Farah wanaitazama.

Alirudi bila bunduki. Sijui alimpa nani. Alikuja kwa haraka, kama mtu anayetaka kulimaliza jambo kabla hajabadili nia, akampita mama, na kwa kuwa miaka yote ile hajazoea kuinama alijigonga paji la uso kwenye mlango kwa kishindo. Mwanawe akacheka kwa sauti. Farah alishika kichwa, akaegemea ukuta, akasema kwa lugha yake, macho yamefumba: "Ilikuwa yake. Nashuhudia. Nendeni."

Hawo alibusu mikono ya mama, ndani na nje, ndani na nje. Mimi alinipa anjera ndani ya kitambaa. Sikumkumbatia. Nilitaka, mwili ukakataa.

Tulisukuma ile boti matopeni, mimi na Shee na wanaume wawili wa kisiwani, mpaka ikaelea. Hakuna aliyetuzuia. Mama alikaa mbele, uso umeelekea tuendako, mgongo umenyooka, na safari hii pia hakugeuka.

Nyumbani

Njia ya kurudi sikumbuki sana. Nakumbuka mama akilala begani kwangu, na Bwana Athman wa Kudha akisimama majini mpaka kiunoni kumshika mkono. Nakumbuka mume wangu kituo cha basi, kilemba kimelegea. Alimbeba mama mgongoni, naye mama akamsimanga kwamba amekonda. Kile kitambaa mnachokiona ni cha jicho lililosafishwa hospitalini.

Wiki iliyopita Shee alipita hapa Mombasa, kaleta ng'onda na habari. Wale wageni wameambiwa na wakubwa wao wahame visiwani. Wamepewa nchi nyingine upande wa mto, yenye mashamba na maembe, iliyo bora zaidi. Wengi wamekwisha kwenda. Farah alifunga mizigo, akamwambia mkewe atoke. Hawo, mtoto mchanga mgongoni, akamuuliza, hiyo nchi walikuwa wakikaa nani. Farah akasema, watu waliokimbia. Wakubwa wakaja kumwamrisha, wazee wakaja kumsihi, ndugu wa Farah akamtishia. Yeye alikuwa anaparua samaki. Akawaambia: "Nendeni. Mimi nimeshafika."

"Na Farah?" nikauliza.

"Farah kaenda na wenzake. Chumba cha mbele Hawo kampa mzee mmoja wa Kudha na mkewe, waliotoroka kule. Mzee yule wa kifua kibovu."

Mama alikuwa anachezea pindo la kanga. Nilidhani hakusikia. Shee alipoondoka, akaniita.

"Tima, na sisi? Tumefika?"

Kutoka dirishani zilikuja kelele za Mombasa, pikipiki, muuza maji, jirani akimgombeza mtu. Nilimwambia: "Sijui, mama."

"Haya," akasema. "Nipakie mafuta ya miguu, kisha tuswali."